Uzima ao mkate? Kusoma tena kitabu cha Padri Tempels

Kuna vitabu vinavyotajwa kila mwaka katika seminari zetu kubwa, lakini wanaovisoma mpaka mwisho ni wachache. « La philosophie bantoue » ya Padri Placide Tempels ni kimojawapo. Mwanafunzi anajua jina la kitabu, anajua maneno mawili matatu juu ya « nguvu ya uzima », anajibu mtihani, kisha anakirudisha mahali pake. Sisi tumekifungua tena. Hatukufanya hivi kwa kuuliza kama Wabantu wana filosofia ao hawana. Wenye elimu wamebishana juu ya jambo hilo tangu miaka mingi, na mabishano yao yanajulikana. Tumekifungua kwa sababu ya ulizo moja ambalo kila padri analichukua pamoja naye siku ya Mungu akienda kuhubiri: tuna haki gani ya kumwambia mtu mwenye njaa kwamba atafute mbele ya yote chakula cha roho?

Ulizo hili si la mchezo. Anayelijibu vibaya upande mmoja anaifanya Evanjili kuwa duka, na altari kuwa meza ya biashara. Anayelijibu vibaya upande mwingine anaifanya Evanjili kuwa dawa ya kuwalaza masikini usingizi. Kitabu cha Tempels kinatufaa hapa, kwa maana kiliingia katikati ya ulizo hilo hilo, na kilipigwa vikali kwa ajili yake. Tunataka kuonyesha mambo matatu: kwamba kitabu kilisema neno la kweli; kwamba kililisema mahali pabaya; na kwamba dawa ya kosa lake inapatikana ndani ya kitabu chenyewe, na zaidi tena ndani ya Evanjili.

I. Kitabu na wakati wake

Padri Tempels alizaliwa Ubeleji mwaka 1906, akaingia kwa Wafransiskani, akafika Kongo mwaka 1933. Alikaa miaka mingi katika misioni za Katanga, kati ya Waluba. Yeye mwenyewe alieleza baadaye, katika kitabu « Notre rencontre » cha mwaka 1962, kwamba mwanzoni alikuja kama bwana mwenye kujua yote, mwenye kuamuru na kufundisha, na watu hawakuguswa moyoni. Basi aligeuza njia. Aliacha kusema, akaanza kuuliza: ninyi watu, mnatamani nini? Mnaogopa nini? Mnaomba nini mkiomba?

Jibu alilolisikia ni uzima. Watu walitaka kuwa wazima, kuongezewa uzima, kuupitisha kwa watoto, na kuushiriki pamoja na ndugu zao walio hai na waliokufa. Kwa jibu hilo alijenga kitabu chake. Alikiandika kwa Kiflama. Antoine Rubbens alikitafsiri kwa Kifaransa, na kilitolewa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Mwaka 1949 kilitolewa tena Paris na Présence africaine.

Fundisho lenyewe linasemwa kwa maneno machache. Kwa Mubantu, asema Tempels, kuwa ni kuwa na nguvu. Nguvu hiyo inaweza kukua, inaweza kupunguka. Mungu ndiye asili yake. Inashuka kwa wakubwa wa kwanza, kwa mababu, kwa wazee, kwa watoto, hata kwa nyama, mimea na mawe. Hakuna mtu anayesimama peke yake: uzima wangu unashikana na uzima wa wengine, na tendo baya la mmoja linamvunja mwingine.

Wakati ule, kusema hivi juu ya watu weusi mbele ya Wazungu wa Katanga kulihitaji moyo. Wengi walifundisha kwamba mtu mweusi hana mawazo, ila desturi na woga tu. Askofu de Hemptinne, mkubwa wa misioni za Katanga, hakukipenda kitabu. Mwaka 1946 Tempels alirudi Ubeleji, akakaa kule mpaka mwaka 1949. Tusisahau jambo hili tunapomhukumu. Mtu huyu alilipa bei kwa ajili ya maneno yake.

II. Neno linalouma

Lakini kitabu kina sura ya mwisho, na sura ile inataka kusomwa polepole. Hapo Tempels haelezi tena mawazo ya wazee wa kijiji. Anawageukia Wazungu wenzake, watu wa serikali, wa kampuni na wa misioni, akiwaambia namna gani ya kuwaendeleza Wabantu. Anawaonya kwamba ustaarabu si nguo, si nyumba ya matofali, si kujua kusoma na kuhesabu. Anawahurumia wale walioitwa « évolués », waliopata vitu vya Kizungu kwa nje, na ndani wamebaki watupu. Kisha anaendelea hatua moja zaidi: anafundisha kwamba katika hamu ya Mubantu, kutambuliwa na kuheshimiwa kama mtu kunatangulia faida za mali.

Ndipo Aimé Césaire, mshairi na mjumbe wa Martinique katika baraza la Ufaransa, alipomshika. Katika « Discours sur le colonialisme », kitabu kidogo cha mwaka 1950, alilichukua neno lile akalicheka kicheko kikali. Kwa namna yake alionyesha faida ya fundisho hili kwa wakubwa: kama Wabantu ni watu wa roho tupu, basi hakuna haja ya kuwalipa mshahara wa haki, wala kuwapa nyumba nzuri, wala kuwashibisha. Mtapeni heshima kwa mdomo, nao watatosheka. Kampuni italala usingizi mzuri, na Mungu mwenyewe atakuwa mlinzi wa mlango wake.

Zamani wengine walisema: tusimsikilize, ni mkomunisti. Kweli alikuwa katika chama cha wakomunisti mpaka alipotoka mwaka 1956. Lakini ukweli haugeuki uwongo kwa sababu ya kinywa kilichousema. Punda wa Balaamu vilevile alisema neno la haki, na nabii alipaswa kumsikiliza.

Basi tuulize: Césaire alisema kweli? Tutazame tarehe. Kitabu kilitolewa Elisabethville mwaka 1945. Miaka minne mbele yake, mwezi wa desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga walisimamisha kazi. Ilikuwa wakati wa vita. Kazi iliongezwa, bei ya vitu ilipanda, mshahara haukutosha. Waliomba nyongeza. Katika mji ule ule wa Elisabethville, kwenye uwanja wa mpira, askari waliwapiga risasi, na watu wengi walikufa. Hawa waliokufa hawakuwa watu wa mawazo ya mbali. Waliomba feza ya kununua unga na nguo za watoto. Na miaka minne tu nyuma yao, katika mji wenye makaburi yao, kinatoka kitabu kinachosema kwamba Mubantu hatangulizi mambo ya mali.

Hatusemi kwamba Tempels aliandika kwa kusudi la kuwasaidia wenye kampuni. Tungemsingizia. Katika miaka ya 1944 na 1945 aliandika pia makala katika gazeti la « L'Essor du Congo », akitetea haki za wenyeji, na moja ya makala zile ilikuwa juu ya haki katika mambo ya kazi na maisha. Césaire hakutaja makala zile. Lakini kitabu kinasomwa kama kilivyo. Msomaji wa mbali hana makala za gazeti mkononi. Na ndani ya kitabu, mahali ambapo neno moja juu ya mshahara lingeokoa sura nzima, neno hilo halikupewa nafasi yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema. Tunaongeza: mwenye shibe anaweza hata kumpenda mwenye njaa, na bado asimjue.

III. Kitabu kinajijibu chenyewe

Hapa tunataka kumwomba msomaji aangalie vizuri, kwani wakosoaji wengi wanapita jambo hili upesi.

Kosa la sura ya mwisho si kwamba inaweka roho juu ya mali. Kosa ni kwamba inakata vipande viwili kitu ambacho sura za mbele zilitufundisha kuwa ni kimoja. Tempels mwenyewe anaeleza kwamba kwa Wabantu uzima haukai kichwani tu ao rohoni tu. Shamba la mtu, mbuzi wake, watoto wake, afya yake, jina lake, vyote vinashikana na nguvu yake ya uzima. Anaeleza pia namna ya kulipa kosa. Ukimwibia mtu ao ukimharibia kitu, malipo yanayotakiwa na wazee yanaweza kupita sana bei ya kitu chenyewe. Mzungu akiona hivyo anashangaa, anasema: watu hawa wanapenda mali. Tempels anamjibu: hapana, hukuelewa. Aliyeibiwa hakupunguziwa kitu tu. Amepunguziwa uzima, na uzima ndio unaopaswa kurudishwa.

Fundisho hilo ni zuri kabisa. Lakini basi, lichukueni mpaka kambi la Union Minière! Kama kumharibia mtu mbuzi wake ni kumvunja uzima, kumkata mchimbaji mshahara ni nini? Kumgawia posho isiyotosha watoto wake ni nini? Kwa sheria ya kitabu chenyewe, mshahara usio wa haki si « jambo la mali » linaloweza kuwekwa upande mmoja wa mizani, na heshima upande mwingine. Mshahara usio wa haki ndio ukosefu wa heshima wenyewe. Wafanyakazi wa mwaka 1941, walipoomba nyongeza, waliomba vyote viwili kwa neno moja. Mzee wa kijiji angewaelewa mara moja. Mwandishi aliyejifunza kwa mzee huyo hakutumia mafundisho yake mahali palipokuwa na haja kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo hatuwezi kumfuata Tempels katika sura ya mwisho, lakini hatuwezi vilevile kutupa kitabu. Na juu ya Césaire tuseme hivi: alikuwa na haki kuonyesha nani anafaidika na neno lile. Hakuwa mtu wa tumbo tu. Katika kitabu chake analia pia juu ya miungu, desturi na heshima za watu zilizovunjwa na ukoloni. Lakini akicheka watu wa roho, anamwacha msomaji wa haraka na wazo kwamba hamu ya roho ni hadaa ya wakubwa siku zote. Hapo hatumfuati. Hadaa haikuwa katika hamu yenyewe. Hadaa ni pale mtu aliyeshika mkate anapomhubiri mwenye mikono mitupu juu ya ubora wa roho.

Alioune Diop, mwenye kuanzisha Présence africaine, ambaye alikuwa mukristu, aliandika neno la mwanzo la kitabu hiki mwaka 1949. Katika jina alilolipa neno lile alitaja mwisho unaomezwa na njia. Tunaona kwamba alishika ugonjwa kwa jina lake. Mali ni njia, uzima ni mwisho. Mwenye kukosa njia hafiki. Lakini mwenye kuifanya njia kuwa mwisho naye hafiki, hata kama ana njia nyingi za kushangaza.

IV. Mpango wa Bwana Yesu

Tutoke sasa kwa Tempels na Césaire, tuende kwa mwalimu wa wote wawili. Sura ya sita ya Yoane Mtakatifu inasomwa katika makanisa yetu, inahubiriwa, na mara nyingi inahubiriwa nusu. Mhubiri anaanza Kafarnaumu, pale Bwana anapowakemea watu kwa sababu wanamtafuta juu ya mikate waliyokula. Anasema: mnaona, wakristu, msitafute vitu vya dunia! Kisha anashuka.

Lakini Kafarnaumu ni siku ya pili. Siku ya kwanza ilikuwa mlimani. Palikuwa wanaume kama 5.000, na mikate mitano ya shayiri, chakula cha watu masikini, na samaki wawili. Bwana hakuwaambia kwamba mtu wa roho hahitaji kula. Hakuwapa kipande kidogo cha kuonja kusudi wakumbuke mbingu. Aliwaketisha katika majani, akawagawia, wakala kadiri walivyotaka, wakashiba, na makombo yakajaza vikapu kumi na viwili. Tena hakuwauliza kwanza kama ni wakristu wema, wala hakuwaandikisha katekumenato mbele ya kula.

Walipotaka kumshika na kumfanya mfalme, aliwakimbia. Na kesho yake, akiwa mbele ya watu walioshiba kwa mkono wake, aliwaambia kwamba kuna mkate mwingine, na kwamba yeye mwenyewe ndiye mkate ule. Mpango huu ni fundisho. Aliyewashibisha ndiye aliyekuwa na haki ya kuwakemea. Neno lake la siku ya pili linasimama juu ya tendo lake la siku ya kwanza. Ukiondoa mlima, Kafarnaumu panageuka kuwa mahali pa kuwaonea watu.

Lakini tusikate upande wa pili vilevile. Wako leo wanaopenda mlima na kuiogopa Kafarnaumu. Wanataka Kanisa la shule, la zahanati, la visima vya maji, na basi. Hawa pia wanahubiri nusu. Bwana aliwapenda watu wale kupita kadiri ya kuwaacha na tumbo lililojaa. Alijua kwamba kesho watakuwa na njaa tena, na siku moja watakufa kama baba zao waliokula mana katika jangwa. Alikubali kupoteza karibu watu wote katika siku moja kuliko kuwaficha neno lile. Wengi walirudi nyuma. Petro na wenzake walibaki, na hawakubaki kwa sababu ya shayiri.

Tuongeze neno moja kutoka jangwa la majaribu. Bwana alipokuwa na njaa yeye mwenyewe, nyuma ya siku arobaini, alikataa kugeuza mawe kuwa mikate. Kwa njaa ya watu, aliongeza mikate pasipo kuombwa nao. Hapa tunapata kipimo cha kweli cha kila hubiri juu ya vitu vya dunia. Njaa yangu mimi naweza kuitoa sadaka. Njaa ya ndugu yangu sina ruhusa ya kuitoa sadaka kwa niaba yake.

Na waseminari wanaopenda lugha za zamani wakumbuke sala ya Baba Yetu. Neno moja la Kigiriki juu ya mkate, lile « epiousios », linapatikana kwa Matayo na kwa Luka. Yeronimo Mtakatifu, akitafsiri kwa Kilatini, aliandika kwa Luka « quotidianum », maana yake wa kila siku, na kwa Matayo « supersubstantialem », maana yake unaopita vitu vyote. Mwenye elimu kama yule hakuona haya kuliacha neno moja na sura mbili. Sisi tunapoinua mikono pamoja na mama aliyeacha watoto nyumbani bila bukari, tunaomba mikate yote miwili kwa sala moja, wala hakuna aliyetupa kisu cha kuigawa.

V. Wachuuzi wa uzima

Mtu atatuuliza: habari hizi za mwaka 1945 zinatuhusu nini leo? Zinatuhusu sana, kwa maana ugonjwa uligeuza upande.

Tempels aliporudi Katanga, alifanya kazi katika kambi la Musonoi, karibu na Kolwezi, kati ya wachimbaji na wake zao. Kule, tangu mwaka 1953 hivi, ilizaliwa Jamaa. Mume na mke walikutana na padri na wenzao, wakazungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo. Jamaa haikuahidi mtu cheo kazini wala nyongeza ya posho. Watu walitoka kazini wamechoka, na bado walikaa usiku wakizungumza, sababu walikutana na mtu aliyewasikiliza. Matata yaliyofuata katika miaka ya 1960 na 1970, na makosa ambayo maaskofu walipaswa kuyakemea, hatuyafichi. Tunataja jambo moja tu: watu wa kambi walionyesha kwa maisha yao kwamba njaa ya roho si uwongo uliobuniwa na wakubwa. Hapo Tempels alipata haki yake, na aliipata kwa kuishi pamoja na watu, si kwa kuwaandikia wakubwa wao.

Union Minière ilichukuliwa na serikali mwaka 1967, na kampuni ya Gécamines ikaja mahali pake. Katika miaka ya 1990 kampuni ilianguka. Mishahara ilikaa miezi na miezi bila kulipwa. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Wajukuu wa watu wa Musonoi wakaenda kuchimba kobalti kwa mikono yao, katika mashimo yanayoweza kubomoka wakati wowote. Ni kwa watu hawa, na kwa wenzao wa Kinshasa, Bukavu na Goma, kwamba yalikuja mahubiri mapya katika makanisa mengi ya uamsho. Yanatumia neno lile lile, uzima. Lakini uzima wao ni nini? Ni gari, ni nyumba, ni viza, ni ndoa ya haraka na adui aliyeanguka. Mtu anaambiwa kutoa feza yake kama mbegu, na Mungu atamrudishia mara nyingi. Asipopata, anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Hivi anaibiwa mara mbili: kwanza feza, kisha matumaini.

Mahubiri yale yanafanana kumbe na sura ya mwisho ya Tempels, sawa vile upande wa pili wa nguo unavyofanana na upande wa kwanza. Kule roho ilitumiwa kufunika ukosefu wa mkate. Huku mkate unatumiwa kuuza roho. Pande zote mbili uzima umekatwa vipande. Na pande zote mbili hakuna anayeuliza: nani alichukua mkate wa mchimbaji? Mhubiri wa mafanikio haulizi, sababu kwake umasikini ni kazi ya shetani ao ya mchawi wa jamaa. Ndiyo maana mahubiri yake hayawasumbui wakubwa wa dunia hii hata kidogo.

VI. Na sisi mapadri?

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, tukiwa tumewahukumu wengine. Lakini gazeti hili linasomwa na mapadri na waseminari, na haifai tuondoke mikono mitupu.

Tuulize pasipo kujificha. Kijana anapoingia seminari, anatafuta nini? Wako wanaomtafuta Kristu. Wako pia wanaotafuta kitanda, masomo na meza yenye chakula kila siku, na katika inchi kama yetu hatuwezi kuwashangaa. Kuja kwa sababu ya mikate si dhambi kubwa. Watu wa mlimani walikuja hivyo. Dhambi ni kukaa miaka mingi mezani pa Bwana na kufika ku altari bado unatafuta shayiri. Padri wa namna ile atapanga bei kwa kila tendo. Atajua majina ya matajiri wa paroki, na hatajua jina la mjane anayefagia kanisa. Na siku ya Mungu atahubiri juu ya kudharau vitu vya dunia. Wakristu watamsikiliza kwa adabu, kisha watatazama gari lake. Hakuna Césaire anayehitajika tena. Watoto wadogo wa katekisimu wanatosha.

Paulo Mtakatifu aliwaandikia Wakorinto habari hiyo hiyo. Walikusanyika kwa karamu ya Bwana, na mmoja alikuwa na njaa, mwingine alikuwa amelewa. Paulo hakuwaambia wenye njaa wawe watu wa roho. Aliwaambia walioshiba kwamba karamu wanayoila si ya Bwana tena. Tutambue neno hilo zito: kwa Paulo, ukosefu wa kugawana mkate wa mchana unaharibu maana ya Mkate wa altari. Njia ya vitu vya roho inapita ndani ya kikapu cha unga, wala haina kivuko kingine.

Basi, tukitaka kuhubiri juu ya chakula cha roho pasipo kumdanganya mtu, tujiulize mambo matatu mbele ya kwenda kuhubiri. Kwanza: neno hili la kudharau mali, tunalisema kwa nani? Kwa tajiri ni dawa. Kwa mwenye njaa linaweza kuwa sumu. Pili: sisi wenyewe tulikataa nini? Bwana alikuwa na haki ya kusema Kafarnaumu, sababu mlimani aligawa, na jangwani alikataa. Tatu: nyuma ya hubiri letu, mwenye kushiba atatoka akigawa, ao atatoka akishukuru tu kwamba Mungu alimbariki kuliko jirani?

Tempels aliuliza watu wanatamani nini, naye akapata jibu la kweli: uzima. Kosa lake ni kwamba, akirudi kwa wakubwa wake, aliwapa nusu ya jibu, na nusu ile iliwapendeza kupita kiasi. Kazi yetu ni kulichukua jibu zima. Kwa wakubwa tupeleke nusu inayowaudhi: mshahara wa mchimbaji, shimo lisilo na msaada, mtoto asiyesoma. Kwa wote, wakubwa na wadogo, tupeleke nusu ambayo hakuna kampuni wala mchuuzi wa miujiza anayeweza kuitoa: kwamba mtu, hata akishiba, bado ana njaa, na njaa ile ina Mkate wake. Mchimbaji wa Kolwezi ana haki ya kusikia neno hilo la pili sawasawa na mtu mwingine yeyote. Lakini alisikie kutoka kwa kinywa ambacho hakikunyamaza juu ya lile la kwanza.